Sweta la Kijivu Lisilo na Tundu

Nina kisirani, nalisema mwenyewe kabla majirani hawajanisemea. Mteja akiniletea sweta la mtoto limechanika kwapani, akaniomba nilibanebane tu kwa sindano, namfokea. Mimi sibanibani. Nafumua mpaka nifike kwenye uzi mzima, halafu nafuma upya, na nikimaliza hata mama aliyemvalisha mtoto huyo asubuhi haoni palipokuwa pamechanika. Kwa kazi hiyo nimeishi Makambako miaka ishirini na kitu, kwenye kibanda cha mbao karibu na njia panda, mahali ambapo upepo unavuma mpaka wageni wanaoshuka kwenye mabasi wanauliza kama kuna dhoruba inakuja. Hakuna dhoruba. Ni Makambako tu. Upepo huo ndio ulionisomeshea wanangu, maana mji wa baridi haukosi mtu wa kufumiwa sweta.

Sifa ya mkono wangu niliipenda mno. Nayasema haya mapema kwa sababu sifa hiyo ndiyo iliyomtoa mahakamani, akitembea kwa miguu yake mwenyewe, askari aliyemuua mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuwa dalali wa viazi. Mama yetu alifariki yeye mtoto bado anatambaa, nikambeba mgongoni mimi, kwa hiyo ukiniambia alikuwa kaka yangu nitakubali, lakini mwilini namjua kama mwanangu. Alikuwa hajaoa. Alikaa chumba cha uani kwangu, na kila asubuhi alinung'unika kuhusu baridi kana kwamba mimi ndiye niliyeileta. Nikamfumia sweta la kijivu, zito, shingo ya kukunja, na mistari miwili myeusi mikononi. Alilivaa mpaka nikawa namvizia akienda kuoga ndipo nilifue.

Alifanya kazi na dereva mmoja wa Fuso, kijana mpole, Mwislamu, mwenyeji wa Singida, aliyepanga na mke wake na watoto wawili nyumba ya tatu kutoka kwetu. Walikuwa wanakwenda vijijini upande wa Njombe, wanazunguka kwa wakulima, wanapakia viazi, wanarudi Makambako kukutana na malori makubwa ya Dar es Salaam. Siku hiyo walipakia tangu asubuhi. Wakulima wanne waliwaona, wakala nao makande mchana. Jioni, kabla jua halijazama, wakati ukungu umeshashuka kwenye msitu wa mikaratusi kiasi kwamba huoni mti wa tano, askari wawili waliisimamisha ile Fuso. Saa moja baadaye mdogo wangu na dereva walikuwa mochwari.

Ilisemekana ni majambazi. Redioni wakasema majambazi wawili wameuawa katika majibizano na polisi. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikasikiliza mpaka mwisho, nikawaonea huruma wazazi wa hao majambazi. Sikujua nawasikitikia wetu.

Baadaye, baada ya wakulima kupiga kelele na wenye malori kugoma, neno la ujambazi lilifutwa. Ikabaki habari nyingine. Askari wale wakasema kwamba walipewa taarifa ya gari lililoibwa, kwamba katika ukungu ule watu wawili walishuka garini na kuwajia mbio wakiwa na panga, na kwamba walifyatua kujiokoa. Panga lilikuwepo kweli. Fuso gani huku kwetu isiyokuwa na panga la kukatia matawi ya kutandika chini ya tairi kukiwa na tope? Kila mmoja alikubali alichofanya: mkubwa wao alimpiga mdogo wangu, konstebo akampiga dereva. Walichoshikilia ni kwamba waliwapiga watu waliokuwa wanawajia usoni.

Hayo nayasimulia kwa mpango sasa. Wakati ule sikuyajua yote, na ningeyajua pengine haya mengine yasingetokea.

Tulipokwenda kuchukua mwili, mhudumu wa mochwari alinikabidhi nguo za mdogo wangu kwenye mfuko wa nailoni. Hakuna mtu aliyesema zihifadhiwe. Polisi ndio wa kuzichukua nguo za aliyeuawa, na waliohusika ndio hao hao polisi, nani angewakumbusha? Mke wa dereva naye alipewa mfuko wake. Tukatoka kila mtu na wake, kama watu waliotoka gengeni.

Tulimzika kijijini kwetu, kilomita chache kutoka Njombe mjini, jirani na kigango. Katekista aliongoza sala, mvua ikatunyea. Baada ya mazishi shangazi yangu, dada yake baba, ambaye ndiye mwenye amri ya mambo ya msiba katika ukoo wetu, alitangaza siku ya kugawa nguo.

Kwetu nguo za marehemu hazikai. Zinagawiwa kwa ndugu ili kila mmoja avae kitu cha mwenzake aliyekwenda, na asiyepewa hata soksi ananuna mwaka mzima. Ila zina masharti. Lazima zifuliwe na mwanamke wa ukoo, zianikwe, zipigwe pasi, na chochote kilichochanika kishonwe. Nguo yenye tundu haigawiwi. Shangazi husema ukimpa ndugu nguo ya marehemu ikiwa na tundu umempa na kifo chenyewe. Mwanamke wa ukoo wa kufanya kazi hiyo, na fundi, ni mimi. Hapakuwa hata na majadiliano.

Nilirudi Makambako na mfuko. Suruali ilikuwa imekaukiana kwa damu, nikaichoma, hiyo shangazi aliniruhusu. Sweta nililiweka mezani kibandani, nikafunga mlango.

Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hiki ndicho nilichokuja kukisema mahakamani na hakikunisaidia. Mgongoni, chini kidogo ya bega la kushoto, palikuwa na tundu dogo, la kuingiza kidole gumba. Uzi wa pembeni yake ulikuwa umeungua. Sufu ikiungua inajikunja, inakuwa vidonge vigumu vyeusi, inanuka kama nywele kwenye moto, na harufu ile ilikuwa bado ipo. Kifuani palikuwa na tundu kubwa, la kupitisha ngumi, nyuzi zimetokeza nje, hazikuungua hata moja. Nililiona hilo kwa macho yangu na kuligusa kwa vidole vyangu. Alipigwa mgongoni, kwa karibu. Hata mtoto angejua.

Na mimi nilijua. Watu wananiuliza kama sikujua, nami natamani ningekuwa sikujua. Nilijua, nikalia, nikasema mwanangu wamekupiga mgongoni, halafu nikachukua mkasi.

Nilifua kwanza, maji matano. Kisha nikakata vile vidonge vyeusi, kimoja kimoja, nikafumua mpaka kwenye uzi mzima. Mgongoni ilibidi nifumue zaidi ya tundu lenyewe, kwa sababu kuungua kulikuwa kumepanda juu. Nilipotazama mbele na nyuma nikaona sehemu mbili zisizolingana, moja imekaa upande upande, nyingine imechongoka. Jicho langu halikukubali. Nikafumua tena kidogo huku, kidogo kule, mpaka zote zikawa za mraba, vitanzi ishirini na nane kwa mistari thelathini, mbele na nyuma. Uzi wa kijivu wa aina ile ile ulikuwa umebaki kwenye kikapu. Nikafuma siku mbili. Vile vipande vilivyoungua nilivitia kwenye jiko la mkaa, nikabandika chai juu yake.

Chai hiyo niliinywa.

Siku ya kugawa, shangazi alilinyanyua sweta, akaligeuza mbele na nyuma, akalielekeza kwenye mwanga wa mlango. Akawauliza ndugu waliojaa sebuleni nani anaweza kuonyesha risasi ilipopita. Wakalipokezana. Hakuna aliyeonyesha. Wakanisifu, mmoja akasema mkono huu umebarikiwa, na mimi katikati ya msiba wa mwanangu wa mgongoni nikaona raha. Ilikuwa raha fupi lakini ilikuwepo, na katika yote nitakayoulizwa mbele ya Mungu hiyo naiona ya kwanza. Sweta akapewa mjomba wetu, mzee, mwenye baridi ya mifupa. Alilivaa pale pale.

Wiki iliyofuata nilikwenda kumwona mke wa dereva. Alikuwa eda, hatoki nje, amekaa kwenye mkeka na watoto. Tulizungumza habari za wafiwa. Nilipoinuka kumsaidia kupanga vyombo nikaona chini ya kitanda mfuko wa nailoni kama ule wangu, umefungwa fundo. Nikauliza, akasema ni koti la mume wake, la jinzi, halijafuliwa, hana nguvu ya kulifungua.

Basi kisirani changu kikanipanda. Nilimwambia mwanamke mzima hakai na damu chini ya kitanda wanapolala watoto. Nilimwambia huko ni kumdharau marehemu. Nikamwambia kwetu sweta limeshafuliwa, limeshafumwa, limeshavaliwa, na mzee anatembea nalo kijijini kifua mbele, na yeye akitoka eda aniletee hilo koti nitamfulia na kumshonea bure. Aliinamisha kichwa, akasema asante dada, nitaleta. Nilitoka pale nimejiona mtu wa maana sana.

Hakuleta. Miezi ikapita, eda ikaisha, akahamia karibu na stendi akaanza kuuza chapati na chai. Tulipokutana sokoni tulisalimiana, habari ya koti haikuguswa. Nilidhani nilimuudhi, na nikaona shauri yake.

Mwaka wa pili wale askari wawili wakakamatwa. Tulikuwa tumeshakata tamaa, kwa hiyo tulipopata habari hatukushangilia, tulikaa tu. Akaja mpelelezi kutoka mkoa mwingine, mtu mzima, mwenye adabu, akaketi kwenye kigoda changu kibandani mashine ikiwa kimya. Alinieleza kesi yote itasimamia wapi. Daktari aliyechunguza miili alikuwa ameandika mistari minne tu, kwamba risasi ilipita kifua ikatoka, bila kusema iliingilia wapi, na yeye mwenyewe alikuwa ameshafariki. Hakuna aliyeona. Washtakiwa wanasema waliwapiga kwa mbele. Kwa hiyo, akasema, kilichobaki cha kusema kweli ni nguo. Akaniuliza nguo za marehemu ziko wapi.



Nikamwambia sweta lipo, analo mjomba. Uso wake ukachangamka. Nikamwambia nililifua. Akasema si neno, hata likifuliwa mkemia huona kuungua kwa uzi. Nikamwambia nililifuma pia. Hakuelewa. Nikamwonyesha sweta la shule lililokuwa mezani, la mteja, nikamwambia hili lilichanika kiwikoni, nionyeshe wapi. Akaligeuza, akaligeuza, halafu akaliweka chini taratibu, asinitazame. Alisema nilitafute hata hivyo, atapita kulichukua kesho yake.

Nilipanda gari mpaka kijijini. Mjomba alikuwa anapalilia amelivaa. Nilipomweleza alilivua, akabaki na shati, mvuke unamtoka mwilini kwenye ubaridi ule. Nikarudi nalo Makambako mchana ule ule, nikaliweka kwenye meza ile ile.

Nitaungama jambo ambalo mahakamani sikuulizwa. Nilichukua kiberiti. Nilijua tundu lilikuwa wapi, kipimo chake, umbo lake, jinsi kuungua kulivyopanda kuelekea begani. Ningeweza kulirudisha. Mkono uliolifuta ungeweza kuliandika tena, na lingekuwa la kweli, kwa sababu ndivyo lilivyokuwa. Niliwasha njiti tatu. Ya tatu ilinifikia kidoleni. Sikuweza. Sitajipamba kwamba ni uadilifu, labda ni woga wa mkemia, labda ni kwamba nisingeweza kulichoma sweta la mwanangu mgongoni kwa mkono wangu. Mpaka leo kuna siku naamka nimejikasirikia kwa kulifuma, na siku nyingine kwa kutolichoma.

Kesi ilisikilizwa Njombe. Tulikuwa tunatoka Makambako alfajiri kwa gari la Noah, mimi na mke wa dereva, mjomba tunampitia njiani, tunafika tumeganda, tunakunywa uji nje ya mahakama mpaka tuitwe. Kulikuwa na mama mmoja, mfupi, amejifunga shuka, naye anakunywa uji kwenye benchi lile lile. Tulisalimiana naye kamwene, kamwene, siku tatu nzima, kabla hatujajua kwamba yule konstebo ni mwanawe. Baada ya kujua tuliendelea kusalimiana, tungefanyaje.

Wakili wa serikali alikuwa msichana mdogo, makini, aliyekuwa na mafua wiki nzima. Aliniongoza vizuri. Alinipa sweta, sasa linaitwa kielelezo, lina karatasi shingoni, akaniomba nilitambue. Nikaligeuza ndani nje. Kwa ndani fundi akitulia anaweza kupapasa mafundo mahali uzi mpya ulipoungwa, nikayapata, nikaweka kidole, mheshimiwa jaji akainama kutazama. Nikaeleza tundu dogo mgongoni, limeungua. Tundu kubwa kifuani, halikuungua. Nilizungumza bila kulia. Nilidhani nimeweza.

Kisha akasimama wakili wa utetezi. Hakuwa mkali, na ndilo lililoniumiza. Aliniita fundi. Aliuliza kama hayo ya kuungua niliyasema kwa mtu yeyote wakati ule, nikasema hapana. Aliuliza uzi ulioungua uko wapi, nikasema niliutia jikoni. Akaja mpaka karibu, akalishika sweta kwa heshima, kama mteja.

"Fundi, ni kazi nzuri sana hii. Nisaidie kitu kimoja. Pale ulipofuma mbele na pale ulipofuma nyuma, wapi pakubwa zaidi?"

Ningeweza kusema uongo. Lakini ilikuwa wazi, angehesabu vitanzi.

"Panalingana," nikasema.

"Panalingana kabisa?"

"Vitanzi ishirini na nane kwa mistari thelathini. Pande zote."

Akaniuliza kwa nini. Nikasema kwa sababu ndivyo inavyopendeza. Mtu mmoja nyuma akacheka. Wakili akamwambia jaji hana swali zaidi, na mimi nikabaki nimesimama nimelishika sweta, mpaka karani aliponigusa bega.

Mshtakiwa wa kwanza, mkubwa wao, alikuwa ananitazama. Hakuwa na uso wa ushindi. Alionekana kama mtu aliyebanwa na mkojo kisha akaona choo. Nilimchukia siku hiyo kuliko siku nyingine zote, na aliyestahili kuchukiwa zaidi, nilijua, alikuwa amesimama kwenye viatu vyangu.

Baada yangu aliitwa mke wa dereva. Alipanda na baibui lake, akaapa kwa dini yake, akatambua mfuko wa nailoni wenye fundo. Mpelelezi alikuwa ameuchukua kwake ukiwa vile vile. Koti la jinzi likatolewa, gumu kama ubao. Sikuinua macho. Mkemia akaja kueleza: tundu dogo mgongoni, limeungua, masizi ya baruti yamekaa kwenye nyuzi, mtutu haukuwa mbali hata urefu wa mkono. Tundu la kutokea kifuani, kubwa. Wakili wa utetezi aliuliza maswali mengi, lakini koti halikubadilika.

Huko nyuma nilikuwa nimemwambia mwanamke huyu kwamba anamdharau marehemu wake.

Hukumu ilisomwa siku ya mvua. Chumba kilijaa, madirisha yakaingia ukungu wa pumzi zetu. Jaji alisoma kwa muda mrefu sana. Kuhusu mauaji ya dereva, akasema koti linakataa maelezo ya mshtakiwa wa pili, mtu anayekujia na panga hapigwi mgongoni mtutu ukiwa karibu kumgusa. Ana hatia. Kuhusu mauaji ya mdogo wangu, akasema mahakama imemsikia dada yake na haimwoni kuwa mwongo. Akasema anaamini kwamba shahidi huyu anaamini anachosema. Lakini kielelezo chenyewe, akasema, hakielezi chochote, na kumhukumu mtu adhabu ya kifo kwa kumbukumbu ya ndugu wa marehemu pekee ni hatari. Na kwamba walikuwa na nia moja, upande wa mashtaka haukuthibitisha. Shaka hiyo ni ya mshtakiwa wa kwanza. Yuko huru.

Konstebo alihukumiwa kunyongwa. Mama yake hakulia kwa sauti, alijifunika shuka usoni, akabaki hivyo. Mkubwa wake, aliyetoa amri ya kusimamisha ile Fuso, alishuka kizimbani, akafunga kifungo cha koti, akapita mbele ya benchi letu. Alipita karibu kiasi kwamba ningeweza kumshika. Mjomba aliniuliza kwa Kibena imekuwaje, maana Kiswahili cha sheria kilimpita. Nikamwambia aliyemuua dereva amehukumiwa, wa kwetu ametoka.

Akamtazama karani akikusanya vielelezo. Halafu akauliza kama sweta watalirudisha, maana kipupwe kinakaribia. Hakuwa na nia mbaya. Nilimwambia nitamfumia lingine, na mpaka leo sijamfumia.

Tulirudi na Noah, mjomba tumeshamshusha njiani, tumebaki mimi na mke wa dereva kiti cha nyuma. Mvua inapiga. Nilikuwa nimeshajiandaa kumwomba msamaha kwa maneno ya siku ile ya eda, nimeyapanga tangu Njombe, na yalinitoka ovyo. Nilimwambia wewe ulikuwa na akili kuliko mimi. Ulijua la kufanya. Mimi nilijifanya fundi, wewe ulikaa na nguo ya mumeo kama inavyotakiwa, ukamtetea. Nilimwambia nisamehe.

Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Sikujua chochote, dada," akasema. "Nilikuletea."

Nikamwuliza alileta nini.

"Koti. Siku ya kwanza kutoka eda, kabla sijaenda hata kwa mtu, nilichukua mfuko nikaja kibandani kwako unifulie na unishonee kama ulivyosema. Nikakuta umefunga. Jirani akasema umepeleka masweta ya wanafunzi Ilembula. Nikakaa kidogo kwenye ngazi, mtoto akaanza kulia, nikarudi nalo. Halafu nikaona aibu kuja tena, kwa kuwa ni kazi ya bure."

Niliikumbuka siku hiyo. Nililalamika siku nzima kwa sababu gari la Ilembula liliharibika nikapoteza mchana mzima barabarani, na nilipofika nyumbani nilimfokea kila mtu.

Hata yule mmoja aliyetiwa hatiani, basi, alitiwa hatiani kwa sababu mlango wangu ulikuwa na kufuli. Ungekuwa wazi, ningemkaribisha, ningemwambia umefanya la maana, ningelichukua lile koti kwa mikono miwili.

"Ningelishona," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Ungelishona vizuri."

Akasogea, akanifunika nusu ya mtandio wake, kwa sababu dirisha la upande wangu lilikuwa halifungi na nilikuwa natetemeka. Sikuwa nimevaa sweta.